Kufuli Isiyoeleweka Haimlindi Mwenye Nyumba

Orodha za alama, maswali ya mitihani, barua za wazazi na kumbukumbu za mikutano ya walimu hazikai tena katika kabati la chuma la mwalimu mkuu peke yake. Shule na vyuo vingi siku hizi huviweka vitu hivi mahali pamoja katika mtandao, vikatazamwa na kuandikwa kutoka kwenye tarakilishi nyingi. Mpango wa namna hii ndio uitwao mfumo wa faili wa mtandao. Faili yenyewe imo ndani ya mashine kuu, yaani seva, ambayo huenda iko chumba cha pili au hata jiji jingine. Hata hivyo, mwalimu aliyeketi mbele ya skrini huiona kana kwamba imo ndani ya mashine yake mwenyewe. Huko kuiona kana kwamba ni yake ndiko kunakomletea raha, na ndiko pia kunakomletea balaa.

Tumezoea kuambiwa na baadhi ya wataalamu wa mitambo kwamba usalama na wepesi wa matumizi ni mafahali wawili wasioweza kukaa zizi moja. Ukitaka faili zako ziwe salama, wanasema, sharti ukubali usumbufu. Na ukitaka wepesi, sharti ukubali hatari. Mimi si fundi wa mitambo, bali ni mwalimu wa isimu. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba rai hii imepotoka. Mfumo ambao mtumiaji wa kawaida hauelewi hauwezi kuwa salama, hata ukiwa na kufuli mia. Tena sehemu kubwa ya kutoeleweka huko haitokani na hesabu wala nyaya. Ni suala la lugha.

Ili tusizungumze hewani, tuangalie kidogo historia ya mifumo hii. Mwaka 1984 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitoa mfumo ulioitwa NFS, ambao ulienea upesi katika vyuo vikuu na maabara. Ulipendwa kwa sababu ulikuwa mwepesi. Lakini namna yake ya kawaida ya kumtambua mtu ilikuwa ya kuaminiana tu. Mashine ya mtumiaji iliiambia seva, "Huyu ni mtumiaji nambari fulani," nayo seva ikaamini. Ilikuwa kama bawabu anayemwuliza mgeni jina lake, akaridhika na jibu lolote, akamfungulia lango pasi na kudai kitambulisho.

Wabunifu wa mfumo huo hawakuwa wajinga. Mashine za enzi hiyo zilikuwa chache, zikawa chini ya msimamizi mmoja, ndani ya jengo moja. Imani kama hiyo haikuwa upumbavu kwa watu wanaofahamiana. Shida ilizuka mtandao ulipopanuka. Iwapo nambari moja ilipewa mwalimu wa Kemia kwenye mashine hii, na ikapewa mwanafunzi kwenye mashine ile, seva haikuwa na njia ya kuwatofautisha. Kwake wote wawili walikuwa mtu mmoja, na faili za mwalimu zikawa faili za mwanafunzi.

Wakati uo huo, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilishirikiana na kampuni ya IBM kubuni mfumo mwingine, uliokuja kujulikana kama AFS. Huu haukumwamini mgeni kwa neno lake tu. Uliazima mbinu iitwayo Kerberos, iliyobuniwa katika chuo cha MIT na kupewa jina la mbwa wa hekaya za Kiyunani aliyelinda lango la kuzimu. Mtumiaji alithibitisha kwanza yeye ni nani, akapewa mfano wa tikiti ya muda, kisha akaionyesha tikiti hiyo kila alipotaka kuingia. NFS nayo ilijirekebisha. Toleo lake la nne, lililochapishwa mwaka 2000 na kusahihishwa mwaka 2003, liliwalazimu watengenezaji kuweka njia thabiti ya kumthibitisha mtu, ingawa halikuwalazimu wasimamizi kuitumia.

Basi kufuli ziliimarika. Je, mwenye nyumba alijua kuzitumia? Katika AFS kila folda ilikuwa na haki saba za kugawa: kuna haki ya kusoma, ya kutazama orodha, ya kuingiza, ya kufuta, ya kuandika, ya kufunga na ya kusimamia. Kila moja iliwakilishwa na herufi yake. Katika mifumo ya jamii ya Unix, mtumiaji aliambiwa agawe haki kwa tarakimu: 7 kwa mwenye faili, 5 kwa kundi lake, 5 kwa wengine. Aliyechoka kukisia aliandika 777, faili ikafunguka na mwenziwe akaacha kulalamika. Alichokuwa amefanya ni kumpa kila mtu katika mfumo ule ruhusa ya kusoma, kuandika na kuendesha, bila yeye kujua kwamba ametamka neno zito kiasi hicho.

Jambo hili lilitabiriwa mapema. Mwaka 1975, Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa MIT walichapisha makala mashuhuri kuhusu kulinda habari katika tarakilishi. Miongoni mwa kanuni walizoziweka, mbili zinatuhusu hapa. Ya kwanza ni kwamba hali ya kawaida ya mfumo iwe ni kufunga, na ruhusa itolewe kwa kusudi. Mtu asipofanya lolote, mlango ubaki umefungwa. Ya pili ni kwamba namna ya kutumia ulinzi ilandane na picha iliyomo akilini mwa mtumiaji kuhusu kile anachotaka kukilinda. Picha hiyo ikihitilafiana na lugha ya mashine, makosa hayaepukiki. Kanuni hizi zina umri wa nusu karne, na bado zinavunjwa kila uchao.

Ushahidi upo. Mwaka 2003 watafiti Nathaniel Good na Aaron Krekelberg walichapisha uchunguzi kuhusu Kazaa, programu ambayo wakati huo ilitumiwa sana na watu majumbani kubadilishana faili. Haikuwa mfumo wa faili wa ofisini, lakini swali lililoulizwa ni lile lile: je, mtu anajua ni faili zipi amewafungulia wengine? Watu 12 waliwekwa mbele ya mashine iliyopangwa kuzitoa nje faili zote za diski nzima. Ni 2 tu waliotambua hivyo. Wengine walikisia, na wako waliodhani hawajafungua kitu. Hawa hawakuwa wavivu wala wazembe. Walisoma yaliyoandikwa skrini, wakayaelewa kama lugha ya kawaida ilivyowafundisha, na lugha ile ikawadanganya.

Hapa ndipo naomba nichangie kama mwanaisimu. Tutazame maneno manne.

Neno la kwanza ni "shiriki". Ndilo linalotumiwa katika tafsiri nyingi za Kiswahili pale mtu anapotaka kumfungulia mwenzake faili. Sasa kwa Mswahili, kushiriki ni kuingia katika jambo pamoja na wengine: tunashiriki harusi, tunashiriki mazishi, tunashiriki michezo. Hatushiriki kitu kwa kumpa mtu. Kiswahili kinapambanua waziwazi mambo ambayo Kiingereza kinayabeba kwa neno moja. Tukigawana mkate, kila mmoja huondoka na kipande chake na cha mwenzake hakimhusu. Tukitumia kisima pamoja, akikichafua mmoja tumekichafuliwa sote. Nikikuonyesha picha, umeiona tu, na picha imebaki kwangu. Faili ya mtandaoni yaweza kuwa mkate, yaweza kuwa kisima, yaweza kuwa picha ya kutazamwa. Mfumo unaosema "shiriki faili" haumwambii mtumiaji ni lipi kati ya hayo matatu analolifanya. Matokeo yake ni kwamba mwalimu hufuta orodha ya alama akidhani anafuta kipande chake cha mkate, kumbe amekiziba kisima cha shule nzima.

Neno la pili ni "kila mtu". Semantiki hutufundisha kwamba upana wa "kila" hutegemea muktadha. Mwalimu akiuliza darasani, "Je, kila mtu amekuja na kitabu?" hakuna anayewaza kuhusu wakazi wa Lodwar. Lakini mashine haina muktadha huo. "Kila mtu" wake huenda ni kila mwenye akaunti shuleni, wanafunzi wakiwemo. Na katika huduma nyingi za mtandaoni, huenda ni kila aliyepata anwani ya faili, popote alipo duniani. Mtumiaji amesema jambo moja, na mashine imesikia jingine.

La tatu ni ujumbe huu: "Ruhusa imekataliwa." Wanafunzi wa sarufi wataona mara moja kwamba hii ni kauli ya kutendwa isiyomtaja mtenda. Imekataliwa na nani? Kwa nini? Nani awezaye kuikubali? Sentensi imefunga mlango na kumwacha mtu barazani bila hata kumwonyesha mlango mwingine wa kubisha. Mtu aliyeachwa hivyo hutafuta njia ya mkato. Ataazima nywila ya mwenzake, au ataibeba faili katika kifaa kidogo cha mfukoni, au atamsihi msimamizi afungue kila kitu. Kwa hiyo ujumbe uliokusudiwa kulinda ndio unaozaa uvunjaji. Ingekuwaje kama skrini ingesema: "Faili hii ni ya Idara ya Hisabati. Wewe unaweza kuisoma, lakini huwezi kuibadilisha. Ukitaka kuibadilisha, mwombe mkuu wa idara"? Kufuli ni ile ile, ila sasa imetamka.

La nne ni jozi ya "ruhusu" na "kataza". Katika mifumo ya Windows, mtu aweza kuwa katika makundi mawili, moja likiruhusiwa na jingine likikatazwa. Msimamizi aliyekataza kundi zima la walimu kuandika, kisha akamruhusu mwalimu mmoja, hushangaa kuona mwalimu huyo bado amezuiwa. Katazo lililowekwa bayana hulishinda ruhusa. Aidha, zipo tabaka mbili za ruhusa, ile ya folda iliyotolewa mtandaoni na ile ya faili yenyewe, na kwa anayeingia kupitia mtandao iliyo kali zaidi ndiyo hushinda. Kanuni hizi zina mantiki yake, lakini kwa muda mrefu skrini ilionyesha visanduku vya kutiwa alama bila kumwonyesha mtu waziwazi jumla ya visanduku hivyo ni nini. Swali la mwalimu ni jepesi: "Je, mwanafunzi wa Kidato cha Pili anaweza kuiona faili hii, ndiyo au la?" Mfumo usioweza kulijibu swali hilo kwa sentensi moja haujakamilika.

Ukiacha maneno, lipo suala la hali ya kawaida, yaani vile mfumo unavyokuwa kabla hujaugusa. Katika Windows 2000, folda iliyotolewa mtandaoni ilianza kwa kumpa "kila mtu" mamlaka kamili juu yake. Kwenye Windows Server 2003 hali hiyo ilibadilishwa, "kila mtu" akaanza na haki ya kusoma tu. Badiliko hilo dogo halikumwongezea mtumiaji hata kazi moja, nalo lilimpunguzia hatari. Hapo rai ya mafahali wawili inaanguka yenyewe, kwani wepesi na usalama vimekaa zizi moja bila kupigana pembe.

Nchini Kenya jambo hili si hiari tena. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 41, inawataka wanaoshika habari za watu wajenge ulinzi ndani ya mpango wenyewe na katika hali yake ya kawaida. Orodha ya alama yenye majina ya watoto ni habari za watu. Kadhalika barua ya daktari kuhusu ugonjwa wa mwanafunzi, au taarifa kwamba mzazi fulani hajalipa karo. Shule inayoziacha katika folda iliyo wazi haiwezi kujitetea kwa kusema kwamba ndivyo mashine ilivyokuja.

Nguzo ya mwisho ni msamaha. Binadamu hukosea, na mfumo mwema ni ule unaomruhusu kurudi nyuma. Katika Carnegie Mellon watumiaji wa AFS waliwekewa folda iliyokuwa na faili zao kama zilivyokuwa wakati nakala ya mwisho ya akiba ilipochukuliwa. Aliyefuta kwa bahati mbaya aliingia humo akaichukua faili yake mwenyewe, pasi na kumpigia msimamizi magoti. Mbinu ya kuhifadhi sura za faili kwa vipindi imeenea sana tangu miaka ya 1990. Lakini msamaha wa aina hii una mpaka, na mpaka huo ulionekana tarehe 12 Mei 2017.

Siku hiyo programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilisambaa katika nchi zaidi ya 150. Ilipita kwenye dosari ya SMB, lugha ambayo mashine za Windows huitumia kupeana faili na printa katika mtandao. Ilizifunga faili kwa msimbo kisha ikadai fidia. Dawa ya dosari ile ilikuwa imetolewa na Microsoft tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ofisi ya ukaguzi wa hesabu ya Uingereza iliripoti baadaye kwamba angalau mashirika 81 kati ya 236 ya huduma za afya England yaliathirika, na miadi 6,912 ya wagonjwa ilithibitishwa kuwa ilifutwa. Tunajifunza nini? Kwamba nakala iliyo kwenye folda ile ile ya mtandao si akiba. Kinachoifikia faili huifikia na nakala yake. Akiba ya kweli ni ile iliyotengwa, isiyoweza kufikiwa na mashine iliyoambukizwa.

Najua watakaonijibu kwamba dawa ni kumfunza mtumiaji, wala si kubadili mfumo. Mafunzo ni mema, na mimi hula mkate wangu kwa kufunza. Lakini mlango unaohitaji semina ya siku tatu kabla ya kufunguliwa una kasoro ya useremala. Tuwafunze watu, naam, ila tusiwafunze kuvumilia lugha mbovu.

Walimu wenzangu, yapo tunayoweza kuyafanya bila kungoja watengenezaji. Tutenganishe folda za kutazamwa tu na zile za kuandikwa pamoja, na majina yake yaseme hivyo. Tuwape wengi haki ya kusoma, na wachache haki ya kubadilisha. Kila mmoja awe na nywila yake. Nywila moja ikitumiwa na chumba kizima cha walimu, hatutajua kamwe ni nani aliyebadilisha alama, na wahenga walishatuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwisho wa kila muhula tupitie orodha ya walio na ruhusa, tuwaondoe waliohama na waliohitimu. Nakala ya akiba iwekwe kando ya mtandao, tena ijaribiwe kurejeshwa, maana akiba isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Nanyi wanafunzi wa lugha, kazi ipo tele. Mwaka 2004 mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, na tangu hapo maneno ya Kiswahili yamezidi kuonekana kwenye skrini. Ila kutafsiri neno ni nusu ya kazi. Mtafsiri wa mifumo ya faili yampasa ajiulize: mtu akilisoma neno hili, atajua nani atapata nini, na nini kitatokea akibonyeza? Awaketishe watu 12 mbele ya skrini, kama walivyofanya watafiti wale wawili, asikilize wanavyoeleza wenyewe. Wakikosea 10, asiwalaumu, alirudie neno.

Mtu hujilinda kwa kitu anachokielewa. Bibi zetu walijua kufunga ghala la mahindi, na walijua ni nani mwenye ufunguo. Mjukuu anayefunga faili za shule anastahili kujua yayo hayo kuhusu ghala lake, kwa lugha anayoiota usiku.